Vifaa vya Kamera Ndogo: Vya Kununua na vya Kuacha

Kamera ndogo ya mfukoni ina sifa moja kubwa kuliko zote: huwa karibu pale picha inapotokea. Ricoh GR III, iliyoingia sokoni mwaka 2019, ina uzito wa gramu 257 pamoja na betri na kadi yake. Sony RX100 VII na Canon PowerShot G7 X Mark III, za mwaka huohuo, zina gramu 300 na ushei. Kamera ya uzito huo huingia kwenye mfuko wa suruali, kwenye mkoba au kwenye mfuko wa kanzu, na mwenyewe akaisahau mpaka atakapoihitaji. Ndiyo maana uchaguzi wa vifaa vyake haufanani na ule wa kamera kubwa za harusi na studio, ambazo mpigapicha amekwisha kukubali tangu mwanzo kwamba atatembea na begi zima.

Mnunuzi aliyesimama mbele ya kabati la vioo, iwe Kariakoo, iwe Luthuli Avenue jijini Nairobi, iwe Deira huko Dubai, ana maswali mawili ya kujiuliza. La kwanza: kifaa hiki kikifungwa, kamera bado itaingia mfukoni? Kama haiingii, basi kifaa hicho kihesabiwe kuwa cha kazi maalumu, cha kubaki nyumbani siku nyingine. La pili: ni kitu gani hasa kinachomkosesha mtu picha? Majibu ya swali hili si mengi. Betri imekufa, kadi imejaa au ni feki, kamera imeanguka, au lenzi imeingia ukungu. Pesa za mwanzo ziende huko. Mengine yatasubiri mpaka kamera yenyewe itakapoonyesha upungufu wake, na hilo huchukua wiki kadhaa za kuitumia.

Betri ndiyo ya kwanza, kwa sababu udogo wa kamera hulipiwa hapo. Kwa vipimo vya CIPA, chama cha watengenezaji wa kamera cha Japani, betri moja iliyojaa humpa mwenye GR III picha 200 hivi, mwenye G7 X Mark III picha 235, na mwenye RX100 VII picha 260. Hizo ni namba za maabara; mtaani hupanda na kushuka. Anayepiga picha mbili akazima, akawasha tena baada ya dakika tano, lenzi ikitoka na kurudi kila mara, hatazifikia. Anayerekodi video ndiyo kabisa. Kwa hiyo betri ya akiba ni ya lazima, na kwa safari ya siku nzima akiba mbili si nyingi.

Kazi iko kwenye kuchagua. Betri ya RX100, inayoitwa NP-BX1, ina ujazo wa mAh 1240. Madukani huonekana betri za umbo lilelile hasa, za kampuni zisizojulikana, zilizoandikwa 1600 na zaidi. Umbo halidanganyi: nafasi ileile haiwezi kubeba umeme mwingi kiasi hicho, na namba hiyo mara nyingi ni wino tu juu ya plastiki. Si kwamba kila betri isiyotoka kwa mtengenezaji wa kamera ni mbovu. Zipo za makampuni yenye jina, nazo hufanya kazi vizuri kwa bei nafuu. Tatizo la zile za ovyo si kuisha haraka peke yake. Betri ya lithiamu ikichakaa huvimba, na chumba cha betri cha kamera ndogo hakina nafasi ya ziada. Iliyovimba hung'ang'ania ndani, na kuitoa ni shughuli ya fundi. Dalili yake huonekana mapema kwa anayeitafuta: betri ilazwe juu ya kioo cha meza, isukumwe kwa kidole ili izunguke. Iliyonyooka hukwaruza kidogo na kusimama. Iliyoanza kuvimba huzunguka juu ya tumbo lake kama pia, na mahali pake ni kwenye taka za betri, si ndani ya kamera.

Betri za akiba zisikae na sarafu wala funguo. Vidude vya shaba pembeni mwake vikiguswa pamoja na chuma, umeme hupita mkato na betri hupata moto. Kikopo kidogo cha plastiki kinatosha, na betri nyingi za asili huuzwa nacho. Katika ndege, betri za akiba pamoja na pawabenki hubebwa kwenye mzigo wa mkononi, kamwe si kwenye sanduku linalokwenda chini ya ndege. Kanuni za kimataifa huruhusu betri ya mpaka saa-wati 100 bila kibali cha shirika la ndege. NP-BX1 ina saa-wati 4.5 tu, hivyo kamera ndogo haimsumbui mtu uwanjani. Pawabenki ya mAh 20,000 ina saa-wati 74, nayo imo ndani ya kiwango.

Pawabenki hiyohiyo ya simu inaweza kuwa chaja ya kamera. Ya mAh 10,000 ina saa-wati 37, na baada ya umeme unaopotea njiani huijaza NP-BX1 mara tano hivi. Ila kabla ya kuitegemea ni vizuri kujua kamera inataka nini. RX100 VII bado ina tundu la zamani la USB ndogo. GR III ina USB-C na haina makuu. G7 X Mark III ina USB-C pia, lakini hutaka chaja yenye mfumo wa PD (Power Delivery). Umoja wa Ulaya umelazimisha USB-C kwa kamera za kidijitali zinazouzwa huko tangu tarehe 28 Desemba 2024, kwa hiyo matoleo mapya yanafanana zaidi, lakini kamera za mitumba zitaendelea kuja na kebo za kila namna. Chaja ya pembeni, ile inayopokea betri yenyewe nje ya kamera, bado ina faida yake: betri moja inachajiwa hotelini huku nyingine ikiwa kazini. Kamera zilizotumika kutoka Japani huja na chaja ya pini mbili bapa. Mtu asikimbilie kununua transfoma. Asome maandishi madogo mgongoni mwa chaja, na kama imeandikwa 100–240V, adapta ya kawaida ya plagi inatosha kwa umeme wa Afrika Mashariki.

Baada ya umeme huja kadi, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea bila mwenyewe kujua.

Kadi ya SD ilitangazwa mwaka 1999 na kampuni za SanDisk, Panasonic na Toshiba, na leo ndiyo inayotumiwa na karibu kila kamera ndogo. Juu yake kuna maandishi mengi kuliko yanayohitajika. Herufi HC maana yake kadi haizidi GB 32. XC huanzia hapo na kwenda mpaka TB 2. Herufi V ikifuatiwa na namba hueleza kasi ya chini ya kuandika ambayo kadi inaahidi kutoshuka: V30 ni megabaiti 30 kwa sekunde. Video ya 4K ya RX100 VII, kwa ubora wake wa juu, hutiririsha megabiti 100 kwa sekunde, yaani megabaiti 12.5. Kwa hesabu hiyo V30 inatosha na kubaki. Kadi za V60 na V90, ambazo bei yake huruka mara kadhaa, zilitengenezwa kwa kamera nyingine, na hakuna mojawapo ya kamera hizi tatu itakayonufaika nazo. Ile namba kubwa iliyochapishwa katikati, kama 170 au 200, kwa kawaida ni kasi ya kusoma, yaani ya kuhamishia picha kwenye kompyuta. Haisemi lolote kuhusu kurekodi.

Kuhusu ukubwa, saa moja ya video ya megabiti 100 hula GB 45. Picha ghafi ya megapikseli 20 ni takriban megabaiti 20, hivyo GB 64 hubeba karibu 3,000. Mwenye kupiga picha za kawaida bila video atatosheka na GB 64 kwa miezi. Kuna hoja nzuri ya kuwa na kadi mbili za GB 64 badala ya moja ya GB 128: ikiharibika moja, safari haikupotea yote.

Kadi feki ni suala zito zaidi ya kasi. Ndani yake kuna chipu ya, tuseme, GB 8, iliyofundishwa kuiambia kamera kwamba ina GB 128. Mwanzoni kila kitu huenda sawa. Kamera huhesabu maelfu ya picha zilizobaki, picha huonekana kwenye skrini, mwenyewe anafurahi. Chipu ikishajaa, zinazofuata huandikwa juu ya zile za kwanza au haziandikwi popote, ingawa majina yake hubaki kwenye orodha. Hasara hujulikana nyumbani, sherehe imekwisha na wageni wametawanyika. Kuangalia kifungashio hakusaidii sana, maana wanaoghushi nao wana mashine nzuri za kuchapisha. Kinachosaidia ni kuijaza kadi nzima kabla ya kuipa kazi. Programu ya bure ya H2testw kwa Windows, au F3 kwa Linux na Mac, huandika data mpaka kadi inafurika, kisha huisoma tena na kulinganisha. Huchukua saa moja au zaidi. Muuzaji mwaminifu hatakataa makubaliano kwamba kadi ikifeli jaribio hilo itarudishwa, na anayekataa amekwisha jibu swali.

Wanaonunua kamera kongwe za miaka ya 2000, ambazo vijana wamezirudisha kwenye fasheni, wana tahadhari yao. Kamera iliyotengenezwa kabla ya mwaka 2009 haikujua XC, hivyo kadi ya GB 64 huenda isisomeke, na zile za mwanzo kabisa hukwama kwenye GB 2. Olympus na Fujifilm walikuwa na kadi yao ya xD kuanzia mwaka 2002, na Sony walikuwa na Memory Stick kuanzia 1998. Kamera ya bei ya chai ikidai kadi ambayo haitengenezwi tena, bei hiyo si ya chai tena.

Kitu cha tatu ni kamba ya mkononi. Hii ni bei ndogo kuliko vyote na hulinda thamani kubwa kuliko vyote. Kamera ndogo nyingi hazina mahali pazuri pa kushika. Sehemu ya mbele ya RX100 ni laini na huteleza kwenye vidole vyenye jasho. Ukanda wa shingoni unaokuja sandukuni huwa mrefu, hunasa kwenye vitasa vya milango, na huifanya kamera ining'inie tumboni ikitangaza uwepo wake kila mahali. Kamba ya kuzunguka kifundo cha mkono huiacha kamera ndani ya kiganja. Katika msongamano wa soko au kwenye kivuko cha Likoni, tofauti hiyo ni kubwa kwa usalama na pia kwa picha, kwa sababu watu hawaanzi kujiweka sawa mapema.

Katika kuichagua, jicho liende kwenye kile kiuzi chembamba kinachopita kwenye tundu la kamera. Ndicho kinachobeba mzigo wote na ndicho huchakaa kwanza. Kiwe cha nailoni iliyosukwa, na mshono wake uwe umepitiwa zaidi ya mara moja. Pete za chuma zikigusa mwili wa kamera hula rangi ndani ya wiki chache. Zinazofaa zina kipande cha ngozi au plastiki kati yake na kamera. Kishikio cha mpira kinachobandikwa mbele, ambacho Sony wenyewe huuza kwa ajili ya RX100, ni nyongeza yenye maana: kinaongeza milimita chache tu na kamera hubaki ya mfukoni. Mahali pa kukibandika pafutwe kwa spiriti kwanza, kibanwe kwa nguvu, kisha kamera iachwe usiku kucha.

Kwa wakazi wa Mombasa, Tanga, Unguja, Muscat na miji yote ya mwambao, kinachofuata kina uzito kuliko hata tripodi: kinga dhidi ya unyevu, chumvi na vumbi. Ukungu hupenda vioo vya lenzi vilivyofungiwa gizani penye unyevu mwingi. Huanza kama doa dogo, kisha hutambaa kwa nyuzi nyembamba zinazoonekana lenzi ikielekezwa kwenye taa. Lenzi ya kamera ndogo haifunguki, kwa hiyo kusafisha ukungu wa ndani kwa kawaida ni gharama inayokaribia bei ya kamera iliyotumika.

Kinga yake haina makuu. Kopo la plastiki la kuhifadhia chakula, lenye mfuniko wa kubana na mpira kuzunguka ukingo, pamoja na gramu mia moja au mbili za silika jeli, hufanya kazi ya kabati la umeme la kukaushia kamera. Silika ya rangi ya chungwa ni bora kuliko ya buluu. Ya buluu hupata rangi yake kutokana na kloridi ya kobalti, ambayo ni sumu, na haifai kukaushwa kwenye sufuria ya jikoni. Ya chungwa ikishiba maji hugeuka kijani. Ikiwekwa kwenye oveni ya nyuzi 110 hivi kwa saa mbili hurudia rangi na kazi yake. Kipima unyevu kidogo cha betri ya saa, kikiwekwa ndani ya kopo, huonyesha kama mambo yanakwenda. Asilimia 40 mpaka 50 ndiyo inayotakiwa. Mchele, ambao wengi huushauri, hunyonya kidogo na huacha unga mwembamba unaojipenyeza kwenye maungio ya lenzi.

Unyevu una njia nyingine ya kuingia, nayo haizuiwi na kopo. Kamera iliyolala kwenye chumba chenye kiyoyozi cha nyuzi 20 ikitolewa ghafla nje, ambako joto ni nyuzi 32 na unyevu asilimia 70, hufunikwa na umande papo hapo, nje na wakati mwingine ndani. Katika hali hiyo ya hewa, kitu chochote chenye ubaridi wa chini ya nyuzi 26 hivi hutota. Dawa ni mfuko usiopitisha hewa: kamera hufungwa ndani yake ingali chumbani, hutolewa nje ikiwa imefungwa, na mfuko haufunguliwi mpaka kamera ipate joto la nje, yaani baada ya nusu saa au zaidi. Umande hubaki juu ya mfuko. Zamani mfuko wa rambo ulitumika kwa kazi hii, lakini Kenya iliipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa mwaka 2017 na Tanzania bara mwaka 2019. Kifuko cha mpira cha kukunjwa mdomo, kama vile wanavyotumia wavuvi na watu wa mashua kwa simu zao, hudumu miaka na hakimgombanishi mtu na sheria.

Vumbi nalo lina tabia yake kwenye kamera hizi. Lenzi inayotoka na kurudi huvuta hewa ndani kila inapofunguka, na hewa huja na ilichokuta, pamoja na pamba na nyuzinyuzi za mfuko wa suruali. Chembe ikitua kwenye kihisi mwanga huonekana kama doa la kijivu mahali palepale kwenye kila picha ya anga. Kuipima ni rahisi: kipenyo cha lenzi kibanwe kufikia f/11 au zaidi, ipigwe picha ya ukuta mweupe, kisha picha ikuzwe kwenye skrini. Kwa kuwa mwenyewe hawezi kulifikia doa hilo, kifuko chepesi cha kitambaa kisichotoa nyuzi ni kifaa chenye kulipa, hata kama si cha kupendeza machoni. Pampu ndogo ya mpira ya kupulizia vumbi na kitambaa laini cha kufutia miwani hukamilisha orodha ya usafi. Kupuliza kwa mdomo huacha mate kwenye kioo, na kufuta kwa upindo wa khanga au fulana husugua mchanga juu yake. Baada ya siku ya baharini, kamera hupanguswa kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kisha kikavu.

Ulinzi wa skrini kwa kioo kigumu cha kubandika ni bei ndogo na una maana. Makava ya ngozi ya nusu mwili ni suala la mapenzi zaidi. Kabla ya kununua, ithibitishwe kwamba mlango wa betri unafunguka bila kulivua kava, maana mengi huuziba.

Tripodi kubwa haiendani na kamera hii. Ndogo ya mezani, isiyozidi urefu wa kiganja, inaendana nayo, na huingia mfuko wa pili. Kamera zote zinazostahili jina hilo zina tundu la skrubu la robo inchi chini yake, kwa hiyo hakuna haja ya kutafuta tripodi ya kampuni fulani. Cha kuangalia ni kichwa chake: kikishakazwa, kamera iguswe lenzi yake ikiwa imetoka nje kabisa, kikilegea hapo dukani, usiku barabarani kitaanguka. Kitufe kisibonyezwe kwa mkono bali kwa saa ya kuhesabu sekunde mbili, ambayo kila kamera inayo, na kwa njia hiyo rimoti haihitajiki.

Wapo wasiobeba tripodi kabisa. Wapigapicha wa mbugani, wakiwa ndani ya gari Mikumi au Serengeti, hutegemea mfuko mdogo wa maharage unaolazwa juu ya ukingo wa dirisha. Wa kamera ndogo unaweza kushonwa kwa kipande cha kitenge, wa ukubwa wa ngumi mbili, ukajazwa choroko nusu na robo tu. Ukijazwa pomoni unakuwa mgumu na kamera inabingirika. Ukilazwa juu ya ukuta wa baraza au jiwe, kamera huzama ndani yake na kutulia kwa sekunde nzima. Safarini mfuko huo unaweza kubebwa mtupu na kujazwa huko uendako, kwa kuwa choroko hazikosekani sokoni.

Filta zina mkanganyiko mwingi kuliko faida, kwa kamera ndogo. Nyingi hazina hata nyuzi za kuifungia. Kwa baadhi ya kamera za RX100, Sony walitoa pete ya kubandika kwa gundi inayopokea filta za milimita 49. GR III hutaka kwanza adapta yake ya GA-1, nayo pia ni ya milimita 49. Ikishafungwa adapta hiyo, kamera haiingii tena mfukoni. Filta ya kukata miali ya urujuanimno ilikuwa na kazi enzi za filamu. Vihisi vya sasa vina kinga yake tayari, na kilichobaki ni kioo cha ziada mbele ya lenzi. Filta ya kupunguza mwanga, inayoitwa ND, ina maana kwa anayerekodi video juani, lakini GR III na G7 X Mark III zimejengewa yake ndani na huwashwa kwa menyu. RX100 VII haina.

Filta yenye faida ya kweli ni ya polaroidi, kwa sababu hakuna programu ya kompyuta inayoweza kuifanya kazi yake baadaye. Hukata mng'ao wa maji na wa majani, na huonyesha matumbawe chini ya bahari tulivu pale ambapo jicho liliona kioo tu. Hufanya kazi vizuri jua likiwa ubavuni mwa mpigapicha. Jua likiwa mgongoni au usoni haifanyi lolote kwa anga. Hula mwanga wa karibu nusu au robo tatu. Njia ya wajanja ni kuishika kwa mkono mbele ya lenzi, kuizungusha mpaka mng'ao upotee, na kupiga. Pete na gundi zikaepukwa.

Kuhusu flashi, kamera yenyewe ndiyo inayoamua. RX100 VII na G7 X Mark III zina flashi ya kuchomoza na hazina kiti cha kufungia ya nje. GR III ina kiti lakini haina flashi, hivyo kwake flashi ndogo ni nyongeza ya kufikiriwa, na ya zamani ya bei rahisi yaweza kufaa. Maikrofoni vivyo hivyo: RX100 VII na G7 X Mark III zina tundu lake la milimita 3.5, GR III haina. Kwa anayerekodi nje, wakati wa upepo wa kaskazi na wa kusi kifuniko cha manyoya juu ya maikrofoni kina faida kuliko maikrofoni ghali isiyo na kifuniko.

Kwa upande wa majini, kuna kasha gumu la Sony kwa ajili ya RX100 linalostahimili kina cha mita 40, la kuwafaa wazamiaji wa Mafia na Pemba. Mpira wa mviringo kwenye mlango wake upakwe grisi na ukaguliwe kama una unywele au punje ya mchanga, kisha kasha lizamishwe likiwa na karatasi ya chooni ndani, bila kamera, kwa dakika kumi. Karatasi ikitoka kavu ndipo kamera iingie. Anayeogelea juujuu tu na kutazama samaki huko Mnemba hana haja ya kasha: kamera kama Olympus TG-6 au OM System TG-7 huzama yenyewe mpaka mita 15. Vifuko laini vya plastiki vinavyoning'inizwa fukweni vinafaa kwa mvua na michirizi ya maji, si kwa kupiga mbizi.

Zile seti za "vifaa hamsini kwa bei moja" ziachwe dukani. Ukizifungua, unakuta tripodi inayotetemeka kwa upepo wa feni, filta za rangi ambazo simu yoyote huzitengeneza baadaye, kitambaa chenye nyuzi, na lenzi za kuongeza upana zinazofunika kona za picha kwa ukungu. Bei ya seti moja mara nyingi hununua betri nzuri ya akiba pamoja na kamba ya mkononi.

Kwa anayenunua kamera iliyotumika, mpango wa vifaa huanzia kwa muuzaji. Aulizwe chaja, betri ya asili, kifuniko cha mlango wa betri na kile kipande cha mpira kinachoziba tundu la kebo, kwa maana viwili hivi vya mwisho hupotea kwanza na ndivyo vigumu kuvipata. Na kabla bei haijakubaliwa, atafute kama betri ya modeli hiyo bado inatengenezwa na kampuni yenye jina. Ikiwa zinazopatikana ni za mabaki ya maghala, zilizokaa miaka bila kuchajiwa, kamera hiyo ina umri wa betri yake ya mwisho, na bei inapaswa kusema hivyo.